Kikapu cha Bi. Zuhura

Je, Bi. Zuhura alikuwa mwizi? Nimejiuliza swali hili tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, na sasa mvi zimeanza kunitokea sijapata jibu. Hunirudia kila ninapopita mjini na kunusa njugu zilizokaangwa kwa chumvi, zingali na joto ndani ya karatasi iliyosokotwa kama pembe. Nikinunua, huikunjua karatasi kwanza kabla ya kuonja hata punje moja. Mume wangu hunicheka. Hajui ninatafuta nini.

Tuliishi mtaa wa Woodley, Nairobi, katika nyumba ya mawe yenye ua wa miiba ambao baba aliupogoa kila Jumapili kama mtu anayemnyoa mwanawe. Nyuma ya ukumbi wa mtaa kulikuwa na maktaba ya chumba kimoja, iliyoendeshwa na kamati ya wakazi. Baba ndiye aliyekuwa katibu wa kamati. Mfanyakazi alikuwa mmoja tu, Bi. Zuhura, mwanamke wa Mombasa aliyeletwa Nairobi na ndoa na kubakishwa na ujane. Alinukia udi, alizungumza Kiswahili kilichotuaibisha sisi watoto wa mtaa huo, na chini ya meza yake kulikuwa na kikapu cha ukindu kilichofunikwa leso siku zote.

Mwaka huo darasa letu lote liliugua homa ya mwandishi mmoja wa riwaya za fantasia. Jina lake halina haja. Mlimsoma nyinyi pia. Kila msichana alitaka majoka yake. Maktaba ilikuwa na nakala mbili tu za kitabu chake, na waliozisubiri waliandikwa majina katika daftari. Rafiki yangu Njoki, aliyekuwa karibu na mwanzo wa foleni, alinifungulia daftari hilo kwa furaha isiyo na huruma.

"Wanja, cheki! Uko huku mwisho kabisa. Utakisoma ukiwa nyanya ya mtu!" Kisha akanielekezea kidole sakafuni. "Si uanze na zile za rafu ya chini? Zile za panya."

Nilipiga magoti kwa hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyonitajirisha. Ndani ya kila kitabu, kwenye jalada la nyuma, kulikuwa na karatasi ya tarehe. Ukiazima, Bi. Zuhura aliliandika jina lako katika daftari la kuazima na kugonga hapo muhuri wa siku ya kurudisha. Karatasi za yule mwandishi maarufu zilijaa mihuri hadi ikapandana. Za rafu ya chini zilikuwa safi kama sahani za wageni. Nikagundua namna yangu ya kuchagua: nilifungua nyuma kwanza, na nikikuta karatasi safi, nilikaa chini na kusoma.

Sijui niwaelezeje nilichokikuta. Kulikuwa na mji uliouza misimu yake ya mvua kwa jirani tajiri. Kulikuwa na mfalme aliyeazima sauti za raia wake na kukataa kuzirudisha. Bora kuliko zote ilikuwa riwaya ya vitabu viwili kuhusu mwanamke mchora ramani: alichokifuta kwenye karatasi kilitoweka pia duniani. Kitabu cha kwanza kiliishia pale ambapo ameushika ufutio juu ya mji aliozaliwa, mji uliomfukuza.

Vyote hivi nilivisoma palepale sakafuni. Nilikataa kabisa kuviazima. Muhuri mmoja tu, niliwaza, na Njoki atajua kuna kitu. Kesho yake kutakuwa na foleni. Nilitaka karatasi zile zibaki safi na hazina ibaki yangu.

Bi. Zuhura hakuridhika. "Kichukue nyumbani, mwanangu. Nipe kadi nikugongee muhuri."

"Nitasomea tu hapa, Bibi."

"Wasomea sakafuni kama paka, na kadi unayo?"

Alinisihi hivyo kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilizidi kumshuku. Kwa nini mtu wa maktaba alitaka sana kuniondoa maktabani? Nikaanza kumtazama badala ya kusoma. Nikaona kwamba mchana, chumba kilipokuwa kitupu, aliinamia kikapu chake. Nikaona leso ikipanda na kushuka. Na Jumamosi moja niliyokwenda nikiwa na kiu ya kitabu cha pili cha mchora ramani, nilikuta pengo mahali pake, na kwenye daftari la kuazima hapakuwa na jina la mtu.

Wiki mbili baadaye baba alinipeleka mjini kununua viatu. Karibu na kituo cha basi alininunulia njugu. Nilizimaliza, na nilipotaka kuitupa karatasi nikaliona jina la mchora ramani. Ulikuwa ukurasa wa kitabu cha pili. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni akimwambia auweke ufutio chini, na hapo ukurasa ulikuwa umechanika. Nilisimama kando ya barabara nikiwa na mafuta ya njugu vidoleni, na moyo wangu ukatoa hukumu papo hapo: Bi. Zuhura anauza vitabu vyetu.

Nilimwambia baba alipokuwa akipogoa ua. Aliacha kukata.

"Ulimwona kwa macho yako, Wanja?"

"Nilimwona akiweka vitu kwenye kikapu."

"Vitu, au vitabu?"

"Vitabu," nikasema. Kwa kweli nilikuwa nimeona leso tu.

Ijumaa iliyofuata, wakati wa chakula cha jioni, baba alituambia kwamba kamati ilikuwa imekifungua kile kikapu. Walikuta vitabu vinne. Kesho ingekuwa siku ya mwisho ya Bi. Zuhura kazini.

"Vitatu kati yake vilikuwa kwenye orodha ya kutolewa," akaongeza, akiimega sima yake bila hamu. "Kila mwaka tunaondoa visivyosomwa, na boksi la kwanza lilishaenda mwezi uliopita. Mnunuzi wa karatasi kuukuu kutoka Dagoretti Corner anapita tena kesho saa nne. Bi. Zuhura alisema anaviokoa. Lakini cha nne kilikuwa kile kinachogombaniwa na nyinyi wasichana wote. Hicho nacho alikuwa akikiokoa na nini?"

Mimi niliuliza kwa sauti ndogo, "Mnajuaje ambavyo havisomwi?"

"Tunaangalia karatasi ya tarehe. Kisicho na muhuri kinatoka. Orodha niliiandika mimi mwenyewe."

"Lakini mimi nilivisoma, baba."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mbona basi havina muhuri?"

Leo ninapowasimulia, naona jinsi nilivyokuwa nimejifunza kushuku kila mkono isipokuwa wangu. Bi. Zuhura aliijua sheria ya kamati, na kwa sababu hakuwa na idhini ya kuipinga, alijaribu kuvipatia vitabu vile msomaji wa kuandikwa. Niliyakumbuka yale maneno yake ya kila Jumamosi, nipe kadi, nikaisukuma kando sahani yangu ya sima. Hata hivyo sikuweza, na bado siwezi, kumtakasa kabisa. Kitabu cha nne kilikuwa kikapuni, na ukurasa ule wa njugu ulitoka kwa mtu fulani. Huenda ni kwa mnunuzi aliyepewa boksi la kwanza na kamati ya baba yangu. Huenda sivyo. Nilichokuwa na hakika nacho jioni ile ni kimoja tu, na kabla ya kuondoka mezani niliomba kadi za ndugu zangu wote na ya mama.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kabla Bi. Zuhura hajafungua. Boksi la kutolewa lilikuwa tayari karibu na kizingiti. Nikavihamisha vitabu viwiliviwili hadi mezani kwake, nikaziweka kadi tano kando yake. Bi. Zuhura alivitazama, akanitazama mimi, na nikajua kwamba anamjua aliyesema.

"Kila kadi ni vitabu viwili," akasema. "Hapa vimezidi."

"Najua, Bibi."

Akakivuta kidau cha wino. "Haya. Leo muhuri ungali mkononi mwangu."

Akafungua jalada la nyuma la kitabu cha kwanza, akagonga. Cha pili, akagonga. Alipofika kwenye kitabu cha mchora ramani kilichobaki peke yake bila mwenzake, aliushika muhuri juu ya karatasi, akasema bila kuuinua uso:

"Hakuufuta mji, mwanangu."

Kisha akagonga muhuri, nami nikamsogezea kinachofuata.