Kilichokuwa Kikilia Kwenye Kamioneti ya Baba

Mimi naweza kulitamka jina la Kanyamibwa kutwa nzima, maana ni babu yangu. Mama yangu, Verdiane, hakuweza. Katika familia zetu za milima ya Masisi, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno lolote linalofanana nalo. Ubatizo haukubadili hilo. Mama alisali rozari yake vizuri tu, na bado aliliruka jina la mkwewe kama mtu anavyoruka dimbwi. Na ndani ya jina Kanyamibwa, hata asiyejua lugha yetu anamsikia mbwa akipita. Basi mama hakusema mbwa. Kwake, mbwa aliitwa mulinzi.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu mwaka 1953 neno hilo nusura litunyang'anye baba.

Baba, Hakorimana Straton, aliendesha kamioneti ya mfanyabiashara mmoja wa Mubi, kule chini katika msitu wa Walikale. Alipakia maharagwe na mihogo ya kwetu akawashushia wafanyakazi wa migodi, akarudi na chumvi, sabuni na vitambaa. Alifika nyumbani Jumamosi, akaondoka Jumapili baada ya misa, halafu wiki mbili, tatu, kimya. Mama alikuwa angali kijana, na nilipokua hakuona haya kuniambia jinsi alivyomtamani mume wake. Alilima macho yakiwa barabarani. Alikiri kwamba mara nyingi aling'oa maharagwe yenyewe na kuyaacha magugu.

Kamioneti ilikuwa kuukuu, imeanza kazi kabla ya vita. Kila kipande chake kililia, na baba alizijua sauti zake zote kama mtu anavyojua vikohozi vya watu wa nyumbani. Lakini mwaka huo ikazuka sauti mpya, nyembamba: cheke-cheke, cheke-cheke. Ilikuja kwenye mashimo na miteremko, ikanyamaza penye tambarare. Baba alikaza magurudumu, akafungua moteri, akapaka grisi kila palipopakika. Sauti ikaendelea kumcheka. Mwenye gari hakucheka. Alipanda naye siku moja, akasikiliza njia nzima, akasema gari linakufa na halitafika tena milimani. Kama Jumatatu lingekuwa bado linalia, lingebaki Mubi kubeba mbao, na baba abaki nalo.

Nyumbani wote walielewa maana yake. Kutoka Mubi hadi kwetu kwa miguu si matembezi ya kwenda kumsalimia mke.

Basi Jumapili hiyo baba hakwenda misa. Alilala chini ya gari uani, grisi hadi masikioni. Babu aliketi mlangoni akitazama. Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama, na mama alikuwa akilizunguka gari kama kuku anayetafuta pa kutaga. Alijua kinacholia. Alikiweka yeye mwenyewe.

Babu alikuwa mwindaji. Mbwa wake alikuwa amekufa, lakini kengele yake ya chuma ilibaki imening'inia jikoni. Mbwa wa kuwinda huvishwa kengele anapoingia porini, ili akipotea mwenyewe amsikie na kumfuata. Kabla ya mbwa kuachiliwa, kengele hujazwa majani isilie. Mama aliitazama kengele ile kila alipopika, na akawa anawaza. Aliogopa msitu wa Walikale. Si chui wala matope. Aliogopa wanawake wa Mubi, muziki wa Mubi, na miti mingi kiasi kile kati yake na mumewe. Siku moja baba akiwa anaoga, aliijaza kengele majani ya mgomba akaifunga kwenye springi, chini ya kiti cha dereva. Majani yakakauka, yakadondoka moja moja. Na baba, aliyemdhania kila mtu wa Mubi kuwa mwizi, alikuwa amekikaza kiti kwa nati kubwa tangu hapo. Mkono wa mama haukupita tena kuitoa.

Aseme wazi? Amwambie mume wake, mbele ya baba mkwe, kwamba amemvisha kengele ya mbwa? Hilo lilikuwa tusi hata kabla ya kulifikia neno lenyewe.

Akachutama karibu na miguu ya baba.

"Papa Emérita," alimwita kwa jina langu, "fungua kiti."

"Kiti? Kiti iko na moteri?"

"Iko kitu mule ndani."

"Kitu gani?"

"Kitu ya mulinzi."

Baba akatoka chini ya gari polepole. Huko Mubi mlinzi alikuwa mmoja tu, Séraphin, aliyelinda magari ya bosi wao. Na kitu ambacho mlinzi angekificha ndani ya gari linalopanda milimani kilikuwa kimoja tu: mawe yaliyoibwa mgodini. Watu walikuwa wakifungwa kwa ajili ya mawe yale. 

Hapa ndipo ninapokasirika hadi leo. Baba alipaswa kulijua neno la mke wake! Alipomwoa, mbwa wa babu alikuwa hai, na neno hilo alilisikia kila siku: mupe mulinzi mifupa, mulinzi anabweka nini. Lakini Mubi ilikuwa imelifuta kichwani mwake na kuliweka jina la Séraphin. Mama aliliona hilo usoni kwa baba, na aliniambia kwamba liliuma kuliko wiki zote za kungoja.

"Usiguse ile kiti," baba akasema. "Niko naenda sasa hivi. Séraphin atatoa mawe yake yeye mwenyewe, mbele ya patron."

"Haiko mawe! Patron akisikia gari ingali inalia, atakubakisha kule!"

"Afazali nibakie kule kuliko kufungwa mu buloko."

Akapanda, akawasha moteri. Mama akaushika mlango.

"Ni kengele tu!"

"Kengele ya nani?"

"Ya mulinzi!"

"Si njo ile niko nasema? Séraphin!"

Gari likaanza kusogea. Mama akakimbia nalo, nami nikirukaruka mgongoni, na cheke-cheke nayo ikaanza. Alisema aliiona barabara yote mbele ya gari hadi msituni, na hakumwona mtu yeyote akirudi.

"Ya mbwa!" akapiga kelele. "Kengele ya mbwa! Mbwa! Mbwa!"

Moteri ikazimika. Jirani yetu Nyiraneza, aliyekuwa akipita na maji, akatua mtungi na kuziba mdomo kwa kiganja. Babu hakusogea. Mama akapiga magoti palepale kwenye vumbi, asithubutu kumtazama mtu.

Baba akafungua nati, akakiinua kiti. Akaitoa kengele, jani moja kavu likiwa bado limeng'ang'ania ndani. Akakaa nayo mkononi.

"Uliniweka kengele sawa na mbwa?"

"Pori iko mukubwa, Papa Emérita. Nikasema, ukipotea, nitakusikia."

 Baba akaketi kwenye ubao wa mlango wa gari akalia, mtu mzima mwenye grisi, mbele ya Nyiraneza na mtungi wake.

Ndipo babu aliposimama. Mama aliisikia fimbo ikija uani akajua anarudishwa kwao. Ikasimama karibu naye.

"Verdiane, mutoto wangu alikuwa naenda, na weye ulimusimamisha na jina yangu. Kama njo inamurudisha nyumba, ita. Ita kila siku."

Jumatatu gari lilifika Mubi bila cheke-cheke. Mwenye gari akalizunguka, akasikiliza, hakuridhika, akasikiliza tena, mwisho akampa baba chumvi ya kupandisha Masisi. Séraphin hakuwahi kujua jinsi alivyoponea chupuchupu. Kengele ilibaki kwetu, na mama alikuwa wa kwanza kujuta, maana sasa gari lilitokea kona ya mwisho bila kumpa habari.

Ruhusa ya babu hakuitumia mbele ya watu. Mbwa wa jirani waliendelea kuwa mulinzi hadi mama alipozeeka. Lakini Jumamosi baba akichelewa, mama alinibeba hadi mwisho wa shamba la maharagwe, akageukia upande wa Walikale na kulitaja jina zima, Kanyamibwa, kwa sauti ya kawaida, kama vile mumewe yuko chumba cha pili. Mara nyingine baba alifika. Mara nyingine tulirudi jikoni sisi wawili.