Mkwe Wangu na Kipimo cha Tezi Dume

Leo mkwe wangu kanitoboa kidole, na uso sijui niuweke wapi!

Hapa zahanati ya Chapwa wanajaribu kipimo cha haraka cha damu, cha saratani ya tezi dume. Kufika mezani, nesi ni mke wa mwanangu. Kwetu Wandali, mkwe na baba mkwe hawagusani.

Akakimbilia nyuma ya pazia. "Baba, leo niko zamu peke yangu!"

Nikamkumbuka marehemu baba yangu, mzee wa kule Ibaba, aliyenifundisha hesabu kwa punje za kahawa. Mke wangu, mkwe wake, ndiye aliyefua shuka zake. Aliona damu ya mkojo, akanyamaza kwa heshima.

"Njoo, mwanangu. Hicho kipimo kinakosea wangapi kwa mia?"

"Ndicho tunachotafuta, baba."

Kanitoboa, na kipimo kimeonyesha tatizo. Kachukua na damu ya mshipa, ikahakikishwe maabara.

Wandali wenzangu, nitukaneni tu. Mzee tulimheshimu mpaka kaburini.