Nanga ya Kona ya Mierezi

Jina lake ni Nell Hoekstra, lakini katika mji wetu, pale mto unapokaribia kumwagikia Ziwa Michigan, watu wengi humwita Breki. Jina hilo alijipatia mwenyewe bila kukusudia. Mashua za uvuvi za mto huu hazina injini. Mpiga makasia huketi akiutazama upande ambao maji yanaelekea, na kazi yake ni kuvuta makasia dhidi ya mkondo, ili mashua iteremke polepole kuliko maji na mvuvi aliye mbele apate wasaa wa kurusha ndoano. Katika mwaka wake wa kwanza mteja mmoja alimuuliza mbona anahema hivyo, na hali mto unawachukua bure. Nell akamjibu, "Mto ndio injini. Mimi ni breki tu." Kabla ya jua kutua maneno hayo yalikuwa yamefika katika duka la vifaa vya uvuvi la shemeji yake, Duane, na tangu siku hiyo ni wachache wanaomwita vinginevyo.

Kwa miaka ishirini na sita ameishi kwa kalenda ya samaki. Aprili, theluji inapoyeyuka, trauti wakubwa hupanda kutoka ziwani kuja kutaga, na barafu huganda katika vijipete vya fimbo za kuvulia kiasi kwamba uzi haupiti. Trauti anayenaswa hurudishwa majini. Breki humshika kwa mikono miwili, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mpaka samaki apate nguvu na kuondoka mwenyewe. Mteja asiye na subira ya kungoja hilo hakaribishwi tena. Julai ni zamu ya besi, samaki wa hasira wanaojibanza kandokando ya magogo. Maji huwa haba, na mara kwa mara mpiga makasia hushuka kuisukuma mashua juu ya mawe. Septemba na Oktoba ni samoni, ambao hupanda, hutaga, kisha hufa, na harufu yao hukaa katika nguo hadi Novemba. Wakati wa baridi Breki huketi mezani akifunga manyoya kwenye ndoano ili zifanane na wadudu wanaoliwa na samaki, na bega lake la kulia hupumzika.

Baridi iliyopita bega halikupumzika. Mwezi wa Machi daktari alimwambia kwamba kano imechanika, na kwamba asishike makasia tena. Breki alimshukuru, akarudi nyumbani, asimwambie mtu. Hakuijua kazi nyingine, wala hakuitaka. Alijiwekea sharti moja: siku atakayoshindwa kuizuia mashua yenye watu ndani, ataacha. Trauti wakapita, besi wakapita. Kila alasiri alifungua mlango wa gari kwa mkono wa kushoto na kuketi kidogo kabla ya kuwasha.

Juma la pili la Oktoba alimchukua Warren Tenbrink, mfamasia mstaafu ambaye kwa miaka kumi na tisa hajakosa msimu hata mmoja, pamoja na binti yake Audrey. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na mto ulikuwa mzito, rangi ya chai. Walipofika Kona ya Mierezi, mto unapopinda na maji kwenda kasi, Warren alinasa samoni dume, naye samaki akateremka na mkondo kwa nguvu. Breki alivuta makasia ili kuizuia mashua. Alivuta mara tatu; mara ya nne mkono wa kulia haukuitika.

Kila mpiga makasia wa mto huu hufundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: nanga haishushwi penye maji ya kasi. Huning'inia nyuma, na ikishika chini, mkondo huizamisha sehemu ya nyuma na mashua hujaa. Breki mwenyewe amewafundisha hivyo wapiga makasia wote walioajiriwa na Duane. Lakini alikuwa amechoka, na nanga hufunguliwa kwa mguu. Akaikanyaga.

Mashua ilisimama ghafla, ikainama nyuma, maji yakamwagika ndani. Warren alianguka magotini. Breki alichomoa kisu kwa mkono wa kushoto na kuikata kamba, nayo mashua ikaruka mbele, ikazunguka, ikaenda kujigonga kwenye fungu la mchanga la ng'ambo. Maji yaliwafika chini kidogo ya magoti. Samaki hakuwapo.

Warren aliukagua uzi wake uliokatika. "Samaki kakata wake, wewe umekata wako," alisema. "Ngoma droo."

Breki hakucheka. Aliwaeleza yote, tangu Machi.

"Si ungetuambia?" Audrey aliuliza.

"Ningewaambia, msingekuja."

"Tungekuja, Breki," Warren alisema kwa upole. "Ila tungekuja na mtu mwingine wa kupiga makasia."

Breki aliinama, akatafuta ndoo chini ya kiti.

Waliyachota maji kwa ndoo. Zilibaki maili tatu, na Audrey, aliyekuwa na uzoefu wa makasia ya ziwani, ndiye aliyeketi katikati. Breki alikaa mbele, kwenye kiti cha mteja, ambacho hakuwahi kukikalia. Audrey alianza kwa kuisukuma mashua mbele kwa makasia.

"Usiiharakishe," Breki alimwambia. "Itafika yenyewe. Wewe izuie tu."

Duane aliwapokea nyuma ya duka lake, mahali pa kutolea mashua majini. Breki alimwomba awapigie simu wateja wa Jumamosi na awatafutie mpiga makasia mwingine. Shemeji yake akasema mvua ingeweza kumshinda yeyote, apumzike wiki mbili, mwezi akipenda.

"Wa Jumamosi na wote waliobaki, Duane. Nilitia nanga pale konani."

Duane alimtazama, kisha akaingia ndani kutafuta namba.

Breki alibaki nyuma ya duka na mabuti marefu ya mpira ambayo wateja walikuwa wameyaazima. Aliyamwaga maji, akayasuuza mchanga kwa bomba, akayatundika kwenye vigingi, miguu juu, moja baada ya jingine, kwa mkono wa kushoto. La nne liliteleza na kuanguka. Aliliokota, akalisuuza tena, akalitundika.