Mashine Mbili za Athanasie na Orodha ya Vitalu

"Athanasie kawaandika watu wake kabla hata tangazo halijatoka," Pudensiana alisema tukiwa bombani, huku akisogeza ndoo yake mbele ya yangu. "Orodha si imebandikwa? Faudhia, mtu wa kwao, kaandikwa tarehe sita mwezi wa tano. Vitalu vimetangazwa lini? Mwezi wa sita, tarehe moja! Hao wa Katumba wanabebana, nyie mnacheka tu." Kisha akanigeukia. "Na wewe umo, Mama Celestin. Tarehe sita hiyohiyo. Ulimpa nini?"

Nilijitwisha ndoo nikaondoka na hasira zangu. Zaidi nilijikasirikia mwenyewe kwa kunyamaza.

Vitalu vyenyewe ni vya bustani ya mboga kule Ilembo, vya kikundi chetu cha akina mama. Ishirini viko karibu na maji, vingine viko juu ambako mchicha unakauka. Tulikubaliana aliyetangulia kujiandikisha achague kwanza, na katibu, Athanasie, aandike kila jina na siku na saa.

Athanasie kazaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake walitokea Burundi. Ana kibanda cha kuchapa barua hapa Makanyagio. Printa yake anaifunika kitenge kwa sababu ya vumbi. Mtu akienda kuandikiwa barua ya kuomba kazi, atamuuliza jina lake herufi kwa herufi, hata kama ni jirani yake. Watu wanamwona msumbufu. Mimi nilimpenda kwa hilo, maana jina langu kwenye vyeti limekosewa mara tatu.

Nilitua maji nyumbani nikaenda kibandani kwake, nikamkuta na Ngusa, mwenyekiti wetu, ambaye kwao ni wafugaji lakini anasimamia bustani vizuri. Walikuwa wanagombana.

"Mashine haidanganyi, Athanasie. Mtu ndiyo anadanganya."

"Mwenyekiti, hebu kaa hapo. Kaa! Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na mbili, mwezi wa sita."

Ana kompyuta mbili mezani. Moja ni yake ya siku nyingi, fundi Denis aliiweka sawa. Nyingine ni ya msaada, Ngusa mwenyewe aliileta, imetoka ng'ambo ikiwa na mfumo wake. Zote, ukibonyeza kitufe kimoja kwenye ukurasa wa kuandikia, siku na saa zinajiandika zenyewe. Athanasie akabonyeza huku, akabonyeza kule. Ya zamani ikaandika 14:10 12/06/2024. Ya msaada ikaandika 2:10 PM 6/12/2024.

"Soma hiyo yako."

Ngusa akainama. "Tarehe sita... mwezi wa kumi na mbili."

"Krismasi imeshafika, mwenyekiti? Mbona hatujala pilau?"

Nilicheka. Athanasie hakucheka.

"Huko ilikotoka wanaanza na mwezi, ndipo siku. Faudhia alikuja tarehe tano mwezi wa sita, ikaandika sita kwanza. Saa nane mchana nayo ikaandika mbili. Kosa langu ni moja, niliangalia majina, tarehe nikaiachia mashine. Lakini mwizi mimi? Miaka sita nawaandikia, leo mnaniita mwizi kwa mashine uliyoileta wewe!"

Ngusa akajikuna kidevu. "Mimi nimeelewa. Jumapili kwenye kikao wataelewa? Wanataka utoke kwenye ukatibu, na majina tisa ya mashine hiyo yafutwe."

"Kuanzia leo mashine zote mbili naandika mwaka kwanza, halafu mwezi, halafu siku. Saa zinakwenda mpaka ishirini na nne. Hivi." Akaandika 2024-06-12 14:12. "Hapo hakuna wa kuchanganya."

"Na zile za nyuma?"

"Zile sizigusi. Nikigusa hata moja watasema nimechezea orodha."

Ngusa aliondoka bila kuaga vizuri. Athanasie akabaki anaitazama skrini, machozi hayatoki, taya imekaza. Nilitaka kumshika bega nikaona atanifokea. Nikamwambia tu alichosema Pudensiana, na kwamba nilinyamaza.

"Wewe naye!" alisema. Akavuta pumzi. "Siku ile ya kujiandikisha ulikuja umetoka wapi?"

"Kliniki. Celestin alichomwa chanjo ya surua."

"Kwenye kadi yake nesi kaandika?"

"Kwa mkono. Tarehe tano, Juni, kaandika mwezi kwa herufi."

Akageuka kunitazama kwa mara ya kwanza tangu nimeingia.

"Basi Jumapili uje nayo, mdogo wangu. Usinipe mimi, nikiisoma mimi watasema nimesoma ninavyotaka. Usimame uisome wewe, kwa sauti, Pudensiana akiwa amekaa pale mbele. Utanisomea?"