Jino la Kung'atia Mpunga

Pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Lipangalala, mama Konsolata alikuwa hakimu. Mkulima akileta magunia, yeye huchukua punje moja, huimenya kwa kucha, huing'ata. Ikilia ka! mpunga umekauka, upite. Ikibonyea, baba rudi kaanike, la sivyo mashine itakutolea chenga tupu. Na nani ambishie! Wakulima wa Idete walisema mdomo wa Konsolata ni mkali, ila jino lake halimwonei mtu.

Magego ya kulia yaling'olewa zamani. Basi gego la kushoto lilipoanza kumuuma, roho ilimruka.

"Daktari, usining'oe, nakuomba. Hili ndilo la kazi."

Daktari wa meno akakubali kulisafisha ndani mpaka kwenye mizizi, kisha alizibe. Akauliza, "Mama, una kisukari?"

"Sina," akajibu bila kusita.

Wala hakukusudia kudanganya, masikini. Mwaka uliopita nesi alimpima akamwambia, "Mama, sukari imeshuka." Konsolata alipiga kigelegele palepale kliniki, akaenda kuvitupa vidonge vyake vya kisukari juu ya kabati. Bonde hili, mafuriko yakishuka si watu wanarudi mashambani? Kwake yeye, imeshuka ilikuwa imekwisha.

Jino likazibwa, maumivu yakatulia, yakarudi. Fizi ikavimba, ikatoa usaha. Miezi mizima alijikaza kisabuni, akinywa uji. Aliporudi kwa daktari alipigwa picha ya taya, akapimwa na sukari. Ilikuwa juu mno.

"Mama, mimi nimesafisha, lakini mfupa unaoshika jino lazima upone wenyewe. Sukari ikiwa juu unachelewa kupona, wadudu wanapata nafasi. Wako umeshaliwa sana. Tuishushe sukari kwanza, halafu jino litoke."

"Si ilishuka? Nesi mwenyewe aliniambia imeshuka!"

"Vidonge ndivyo vilivyokuwa vinaishusha, mama."

Alilia, jamani, mtu mzima yule, mbele ya wagonjwa wengine, na hakujali.

Siku aliyorudi mashineni bila jino, mzee Polycarp wa Michenga alimwekea punje kiganjani kama kawaida. Konsolata aliimenya, akaitazama, kisha akampa Aneth, dada anayepima magunia kwenye mizani.

"Hebu ing'ate wewe."

Aneth akaing'ata. "Umekauka, mama."

Konsolata alimtazama usoni, maana hakuwa tena na namna nyingine ya kujua.

"Haya," akasema. "Upite."