Muhali kwenye Kiti cha Mbele

Nilimwahidi mama kwamba nikiwa angani sitamwonea mtu muhali. Aliniomba ahadi hiyo jikoni kwetu Wete, Pemba, asubuhi niliyoondoka kwenda bara kusomea urubani, huku akinifungia mkate wa kumimina kwenye karatasi. Nilitarajia aniusie nisali kwa wakati na nisisahau kupiga simu. Badala yake alisema, "Mwanangu, mie nakujua. Mtu akikuomba kitu, huna ulimi wa kusema hapana. Huko unakokwenda utabeba roho za watu. Niahidi hutamwonea mtu muhali. Hata mimi."

"Hata wewe, mama," nilijibu, na tukacheka.

Kwa msomaji asiyeishi nasi visiwani, muhali ni ule uzito unaomkaa mtu kooni anapotakiwa kumkatalia mzee, jamaa au jirani. Si woga, kwa sababu anayekuomba hakutishi. Ni heshima iliyozidi kipimo mpaka ikakufunga mikono. Kwa muhali shahidi hunyamaza na kesi ikafutwa. Kwa muhali mgonjwa mwenye homa huinuka kitandani akamsindikiza mgeni hadi barabarani. Nimekulia ndani yake na siwezi kusema kwamba ni kitu kibaya. Ndio unaowafanya watu wetu waishi karibu karibu bila kuumizana kila siku.

Chuoni tulifundishwa usalama wa chumba cha rubani kama elimu ya adui. Tulijifunza habari za milango ya ndege kubwa isiyopenya risasi, ishara za siri baina ya rubani na wahudumu, na namna ya kumtambua abiria mwenye nia mbaya. Niliyasoma yote na nikafaulu. Siku moja nilimuuliza mwalimu, je, kama anayeingia kwa rubani ni mtu unayempenda? Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, akasema huyo hayumo kwenye mtaala.

Nilipohitimu nilipata kazi katika kampuni ndogo inayorusha ndege baina ya Unguja na Pemba. Ndege zetu ni za injini moja na rubani mmoja. Hazina mlango kati ya rubani na abiria. Aliyekaa mstari wa kwanza anaweza kunigusa bega. Kando yangu, upande wa kulia, kipo kiti ambacho kwenye ndege kubwa kingekaliwa na rubani msaidizi. Mbele yake upo usukani wa pili uliounganishwa na wangu. Nikiuvuta wangu, ule nao unavutika. Akiuvuta aliyekaa kulia, wangu unanifuata mkononi.

Kanuni za kampuni zinaruhusu abiria akae hapo. Kwetu kiti hicho kimegeuka kuwa mahali pa heshima. Hupewa shehe, baba wa bibi harusi, mkubwa wa ofisi, au mzee anayerudi hospitali. Kumweka mzee nyuma na kile kikabaki kitupu ni utovu wa adabu ambao watu wangeuzungumza wiki nzima. Mara mbili nilimwandikia mkuu wa marubani wa kampuni yetu nikiomba kiti hicho kiachwe wazi. Hakunijibu kwa maandishi. Tulipokutana aliniuliza, "Kijana, unataka kutwambia wazee wetu magaidi?"

Alasiri ya tukio lenyewe nilikuwa Unguja, najiandaa kurudi Pemba. Aliyekuwa akiwapangia abiria viti ni binti wa khaloo yangu, yaani dada yake mama, mfanyakazi wa kampuni hiyo hiyo. Alinijia mbio, uso umemchangamka.

"Kaka, leo nimekuwekea Maalim mbele. Na usinambie habari za kanuni zako."

Maalim ndiye aliyenisomesha Kurani, kuanzia alifu. Amewasomesha nusu ya vijana wa mtaa wetu na baba zao. Alikuwa amekwenda Unguja kutibiwa macho.

"Nyuma ipo nafasi," nilimwambia.

"Nyuma? Maalim? Umerogwa weye! Mama yako akisikia nimemkalisha Maalim na wachuuzi, mie nitaingia nyumba ya nani?"

"Wachuuzi wenyewe ndio sie, na masikio tunayo!" alidakia mama mmoja wa mji wa Mkoani, kule kwetu Pemba, muuza vitenge, aliyekalia furushi lake. Kisha akanitazama toka juu hadi chini. "Kumbe rubani ndio huyu? Hata ndevu hazijamtoka sawasawa. Maalim, hebu msomee huyu, yakhe, sie tuna watoto nyumbani!"

Watu walicheka, na Maalim akacheka nao. Alikuwa ameshasimama, bakora mkono mmoja na mfuko wa dawa mkono wa pili, ananingoja. Sheria inampa rubani mamlaka ya kumhamisha abiria yeyote, na neno moja tu lingetosha. Niliinama nikambusu mkono, kama nilivyombusu kila siku ya utoto wangu, na baada ya kuubusu mkono ule sikuweza tena kumwambia mwenyewe kwamba ni hatari kwangu.

Anayekaa kiti kile anapaswa kuelezwa kwa ukali kidogo: usiguse usukani, usikanyage pedali, hata ukiogopa; kisha arudie mwenyewe maneno hayo. Mimi nilisema, "Maalim, hapa mbele pana vyombo vingi. Utanistahi usiviguse."

"Nivigusie nini, mwanangu? Mie navijua?"

Sikumwomba arudie maneno yangu, wala sikulitaja neno kuogopa.

Tuliruka vizuri. Njia nzima Maalim alivuta tasbihi, na kisiwa kilipoanza kuonekana aliniuliza ni upande gani uliko Wete, nikamwonyesha. Upepo wa ubavuni ulikuwepo, lakini si wa kutisha. Tulipokaribia kabisa kutua, ndege ilizama ghafla, kama mtu aliyekosa ngazi moja gizani. Ni jambo la kawaida na husahihishwa kwa kuusukuma usukani mbele kidogo na kuongeza nguvu ya injini. Maalim hakulijua hilo. Aliushika usukani kwa mikono miwili akauvuta kifuani kwa nguvu zake zote, kama anavyovuta mtu kamba ya ng'ombe anayekimbia.

Pua ya ndege ilinyanyuka, na king'ora kinachoonya kwamba mbawa zinakaribia kushindwa kuibeba ndege kikaanza kulia. Nilichotakiwa kufanya nilikijua tangu mwaka wa kwanza: kupiga ukelele, "Achia!", na asipoachia, kumpiga mikono. Nilichofanya ni kusema, "Maalim, samahani, naomba uachie."

Niliomba samahani. Ndege ina watu tisa ndani na inaanguka, na mimi naomba samahani.

"Mpige mkono, we mtoto! Mpige!" Ilikuwa sauti ya yule mama wa Mkoani.

Nikampiga. Nilimpiga kiwiko kwenye kifundo cha mkono na uzi wa tasbihi ukakatika. Niliusukuma usukani, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Gurudumu la kulia lilijibamiza chini likavunjika, ndege ikadunda, ikatoka njiani na kusimama kwenye majani. Nilizima injini. Watu wakaanza kulia.

Mama wa Mkoani alishuka amejiziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani, damu imetapakaa hadi kifuani. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yametoka. "Nimeondoka nayo Unguja," aliniambia kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi, "nimeondoka nayo yote."

Maalim alikuwa bado amekaa, anaangalia mkono wake uliokuwa umeanza kuvimba. "Nimekukosea, mwanangu?"

"Hapana, Maalim," nilisema. Hata hapo.

Hakufa mtu, na kwa wengi jambo lilikwisha kwa kumshukuru Mungu. Kwangu lilibaki la kuandika ripoti. Mkuu wa marubani alinishauri mapema: "Andika upepo. Upepo si ulikuwepo kweli?" Binti wa khaloo alinipigia simu akilia, akinikumbusha kwamba jina lake ndilo lililo kwenye karatasi ya viti. Siku ya tatu aliingia mama chumbani mwangu, akakaa kitako ukingoni mwa kitanda.

"Maalim hatoki nje," alisema. "Hata msikitini haendi. Kwenye upepo hakuna wa kulaumiwa, mwanangu. Andika upepo."

"Mama, wewe ndiye uliyeniahidisha."

"Nilisema ukiwa angani. Sasa umeshatua."

Alilia, nami nikalia. Tulikaa hivyo mpaka ikaadhiniwa laasiri, akaondoka bila kunitazama.

Niliandika yote. Niliandika nani alikaa wapi, nilimweleza nini na nini sikumweleza, na neno samahani nikaliandika kama nilivyolitamka. Sikufanya hivyo kwa ushujaa. Nilipiga hesabu: heshima ya mtu mmoja ninayempenda itachafuka, lakini kiti kile kitafungwa, na hakuna Maalim mwingine atakayekalishwa mbele ya usukani asioujua. Niliamini kwamba ukweli ukiandikwa wote, pamoja na aibu ya mwandishi, hauwezi kupuuzwa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba na hilo ndilo nililoliamini.

Mimi nilisimamishwa miezi miwili, na hilo nililistahili. Binti wa khaloo alifukuzwa kazi. Nikimpa salamu leo anavuta buibui lake na kupita. Maalim ameacha kusomesha. Watoto wa mtaani walimpachika jina la Rubani, na siku moja mmoja aliunguruma kama injini mbele ya mlango wake. Nilipokwenda kumtaka radhi alinikaribisha vizuri mno. Aliagiza kahawa, akasema hakuna baya, akaniuliza hali ya mama, kisha akageukia ukuta na hakugeuka tena hadi nilipoaga.

Kiti hakikufungwa. Kampuni ilitoa karatasi ya ukurasa mmoja inayomtaka rubani amkumbushe abiria wa mbele asiguse vyombo. "Tumelishughulikia," mkuu wa marubani aliniambia. Siku niliyorudi kazini nilimkuta mkubwa mmoja wa ofisi amekalishwa pale, mkoba mapajani. Nilimwomba ahamie nyuma. Alikataa, nami nikakataa kuruka. Akaitwa rubani mwingine, mtu mwema mwenye familia, akamkumbusha yule mkubwa asiguse vyombo, wakaruka, wakafika salama. Kufika kwao salama kukawa ushahidi dhidi yangu.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo chuo hakikunifundisha, na ambalo limenikatisha tamaa kuliko tukio lenyewe. Kila safari inayofika inathibitisha kwa watu kwamba kiti hakina hatari. Zitafika nyingi. Zitafika kwa miaka, na kila moja itanifanya nionekane mwendawazimu zaidi, mpaka siku ambayo haitafika, na siku hiyo upepo utakuwepo pia.

Nimeendelea kuandika barua. Nazipeleka mwenyewe, napokewa kwa adabu, naulizwa habari za nyumbani. Naruka bado, kwa sababu sina kazi nyingine ninayoijua, na zamu ninazopewa sasa ni zile zisizo na abiria wa mbele. Wenzangu wanapewa zilizobaki. Kwa hiyo mimi niko salama, na hakuna kilichobadilika. Nafsi yangu nayo siiamini. Usiku na mchana najirudishia zile sekunde mbili, nampiga Maalim mkono mapema, bila samahani. Nikiwa peke yangu naweza. Lakini kila ninapomwona mzee amesimama kwenye ngazi za ndege na bakora yake, naona mgongo wangu unaanza kuinama wenyewe, na najua kwamba siku ikija huenda nikachelewa tena.

Wenye uwezo wa kukifunga kiti kile nimeshawaomba wote, na sitarajii tena kitu kutoka kwao. Amebaki anayekalishwa. Basi nakuomba wewe unayesoma: ukipewa kiti cha kando ya rubani, kikatae. Kaa nyuma. Aliyekupa akiudhika, mwambie rubani ndiye aliyekuomba.