Kuipa Mgongo Treni ya Ubundu

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba ukilitazama behewa la mwisho mpaka lipotee, mtu uliyemsindikiza hatarudi. Imani hiyo nilipewa na mama yake baba, ambaye tulimwita koko, mchana mmoja kwenye stesheni ya Lubunga, ng'ambo ya mto, upande unaotazamana na katikati ya Kisangani.

Stesheni hiyo ilijengwa kwa sababu ya maporomoko. Meli zinazopanda kutoka Kinshasa hazipiti hapa. Mbele yao maji yanaanguka juu ya mawe. Kwa hiyo mizigo ilishushwa melini, ikapakiwa kwenye treni hadi Ubundu, na huko ikapanda meli nyingine kwenda Kindu. Hayo nilijifunza chuo kikuu, pamoja na habari za watu waliokufa wakitandika reli. Kwangu mimi, wakati ule, stesheni ilikuwa kengele, harufu ya mawese, na wamama wa chikwange, ile mikate ya muhogo, wakitaniana kwa Kilingala.

Siku hiyo mama alikuwa anakwenda Ubundu, kwao. Niliambiwa kaka yake ni mgonjwa. Alikuwa amevaa kitenge chake cha misa, ingawa haikuwa Jumapili.

"Utarudia lini?" nikamuuliza.

"Na treni yenye kufuata," akasema. "Sikia koko."

Koko akanishika mabega akanigeuza. "Angalia kule kwa mto. Mutu akiangalia wago ya mwisho mupaka inapotea, ule mwenye kuenda harudiake tena."

"Hata kama ni mama?"

"Zaidi kama ni mama."

Muuza ndizi mmoja akacheka. "Koko, kengele haiyalia na mutoto iko tayari wima, garde-à-vous. Utamupeleka kwa jeshi?"

Vidole vya koko vilibaki mabegani mwangu.

Kisha nyuma yangu nikasikia kitu kizito kikigonga sakafu ya behewa, na mlio mdogo wa waya. Niliufahamu mlio ule. Kinu chetu kilikuwa kimepasuka mdomoni na baba alikifunga kwa waya.

"Polepole, papa, iko na waya," mama akamwambia mchukuzi.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia. Hakuna mtu anayebeba kinu kwenda kumwangalia mgonjwa, na nilikuwa na akili ya kutosha kulijua hilo. Lakini kama ningegeuka, mimi ndiye ningekuwa nimemzuia kurudi. Nikayakaza macho mtoni mpaka mlio wa treni ukaisha.

Hakurudi. Pale kinu kilipokuwa kikisimama uani palibaki duara jeupe kwenye udongo, na mvua ikalifuta. Kwa miaka mingi nilijilaumu: labda nilipogeuzwa, jicho la pembeni lilikuwa limeliona lile behewa. Ukweli niliujua nikiwa kijana. Ukoo wa baba ulikuwa umemrudisha kwao, na koko ndiye aliyesimamia jambo hilo. Nilidhani hakuna lingine la kujua.

Kisha nikamwoa Anastazia, binti wa mfanyakazi wa reli. Tulipomsindikiza shangazi yake, nikaipa treni mgongo. Akaniuliza sababu, nikamweleza.

"Miye nilizaliwa pembeni ya reli," akasema. "Hiyo sijasikiaka."

Nikawauliza wazee wa stesheni. Walikuwa na imani zao: usikae juu ya reli jua likiwa utosini, waliokufa wanapumzika. Yangu hakuna aliyeijua. Imani ya kweli ina watu wengi ndani yake. Hii ilikuwa na mtu mmoja. Koko aliitunga papo hapo ili nisilie mbele ya watu, na mama, aliyejua kwamba harudi, akaniambia nimsikie.

Kujua hakukuufundisha mwili wangu. Mwaka jana Anastazia alizidiwa, tukamteremsha mtoni avushwe kwenda hospitali. Mtumbwi ulikuwa na nafasi yake na dada yake tu. Mimi nilipaswa kufuata na mwingine. Ulipoondoka, niligeuka nikatazama Lubunga. Sikukusudia. Nilipofika ng'ambo, alikuwa amekwisha kufa.

"Alikuwa anakuangalia," dada yake akaniambia baada ya mazishi. "Akasema: koko yake angali anamushika mabega. Alitaka kusema nini?"

Wanawake wawili walioniacha waliona mgongo wangu, na wote wawili walijua kwa nini.

Siku hizi treni ni chache. Mizigo mingi ya Ubundu inasukumwa kwa baiskeli. Lakini nikisikia kwamba kuna treni, ninakwenda stesheni. Simsindikizi mtu. Ninasimama na kulitazama behewa la mwisho mpaka msitu unalimeza. Hakuna tena ninayemngoja arudi.